Mwambao Ulioachwa Tupu: Rasi na Mialo ya Ziwa Viktoria Karibu na Kampala, 1862–1920

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya rasi na fukwe za Ziwa Viktoria zilizo kusini mwa Kampala, kuanzia Munyonyo na Busabala hadi Entebbe na visiwa vya Ssese. Yanadai kwamba ukimya na msitu ambao mgeni huuona leo katika sehemu nyingi za mwambao huo si masalia ya maumbile yasiyoguswa. Kwa sehemu kubwa ni matokeo ya amri ya serikali ya kikoloni ya kuwahamisha wakazi wakati wa ugonjwa wa malale, kuanzia 1907. Dai hilo linawahusu wanaoandaa sera za ardhi, uvuvi na utalii, kwa sababu sheria zinazotumika sasa hupima haki ya mtu juu ya mwambao kwa tarehe zilizokuja baada ya watu kuondolewa.

Utangulizi

Mtu anayeondoka katikati ya Kampala kwa barabara ya Ggaba hulifikia ziwa kabla hajasafiri kilomita 12. Kwanza hupokewa na kelele: mashua za mbao zinazoshusha samaki na magunia ya makaa kutoka visiwani, wachuuzi, bodaboda, redio. Lakini akikodi mashua na kuufuata ukingo wa ghuba kuelekea kusini, kelele hukatika. Rasi moja hufuatwa na nyingine, mafunjo hufunga mahori, na kati ya miamba miwili hujificha kifukwe cha mchanga kisicho na nyayo. Vipeperushi vya utalii huuita mwambao wa namna hii "usioguswa".

Nilipoanza kuutembea mwambao huu kwa ajili ya utafiti, nami niliamini hivyo. Kilichonibadili ni miti. Nyuma ya fukwe kadhaa, ndani ya kile kilichoonekana kuwa msitu, nilikuta mituba mikubwa iliyosimama kwa mstari. Mtuba ndio mti ambao Baganda huutoa gome la kutengenezea lubugo, na hupandwa kwa mkono, kandokando ya boma na migomba. Mzee aliyekuwa akituongoza hakuhitaji maelezo marefu. "Hapa palikuwa kwa watu," alisema, akaendelea kutembea. Swali la makala haya limetokana na kauli hiyo: watu hao walikwenda wapi, na kwa nini kuondoka kwao kumesahaulika kiasi cha kuonekana kama hali ya asili?

Ufukwe na mwalo

Wanahistoria watanivumilia nikianza na msamiati. Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa, yaani maji ya bahari kushuka. Ziwa Viktoria, ambalo Baganda huliita Nalubaale, halina kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho kila siku, kwa hiyo Kiswahili cha ziwani kimejitafutia maneno yake. Mahali pa kushushia samaki na abiria huitwa mwalo, kwa wingi mialo. Neno hilo limo katika Luganda kama omwalo, na nchini Tanzania limeingia hata katika nyaraka za serikali zinazohusu uvuvi. Rasi na ghuba ni maneno ya mabaharia yaliyotokana na Kiarabu, na huonekana zaidi vitabuni kuliko midomoni mwa wavuvi. Mvuvi wa Ggaba hasemi rasi. Hutaja jina la mahali, na jina hilo kwa kawaida hubeba habari ya ukoo, ya mti au ya tukio.

Katika makala haya, mwambao ni ukanda mzima wa nchi kavu unaopakana na ziwa. Ufukwe ni mchanga wenyewe. Mwalo ni ufukwe wenye watu, vyombo na shughuli. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayobeba hoja yangu: mwalo ukihamwa, hugeuka kuwa ufukwe, na baada ya miaka michache mgeni hawezi kujua kwamba uliwahi kuwa kitu kingine.

Rasi kama milango ya ufalme

Katika karne ya 19 hakukuwa na mwambao uliotembelewa zaidi na macho ya dola ya Buganda kuliko huu. Sababu ni rahisi. Ikulu ya Kabaka ilihama kutoka kilima hadi kilima, lakini haikwenda mbali na ghuba ambayo John Hanning Speke, aliyefika Buganda mwaka 1862, aliipa jina la Murchison. Kutoka katika ghuba hiyo mitumbwi ilitoka kwenda Ssese, Buvuma, Buddu na hata kusini kabisa mwa ziwa, ambako misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili iliishia. Wafanyabiashara hao walikuwa wamekwisha kufika katika ikulu ya Kabaka Suna tangu miaka ya 1840, kwa njia ya nchi kavu iliyopita Karagwe. Njia ya maji ilikuja kuongezeka juu ya hiyo baadaye.

Mitumbwi yenyewe inastahili maneno machache. Mtumbwi mkubwa wa Buganda haukuwa gogo lililochimbwa tu. Uti wake ulikuwa gogo moja, na juu yake ziliunganishwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, huku omo yake ikichongoka mbele na kupambwa kwa pembe. Msomaji wa Lamu au Pemba atakumbuka mara moja mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi za nazi. Sidai kwamba kimoja kilizaa kingine. Mshono ni jibu ambalo mafundi wengi duniani wamelifikia kila mmoja kwa njia yake. Ninachotaka kusisitiza ni kwamba chombo cha aina hiyo kinahitaji mafundi wanaokaa karibu na msitu na maji, kwa vizazi. Mafundi hao walikuwa hasa watu wa Ssese, na makasia yao ndiyo yaliyoendesha jeshi la maji la Kabaka chini ya Gabunga, mkuu kutoka ukoo wa Mmamba. Visiwa hivyo vilikuwa pia makao ya ibada: hekalu la Mukasa, lubaale wa ziwa, lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe. Hivyo mwambao ulikuwa karakana, kituo cha jeshi na mahali patakatifu kwa wakati mmoja.

Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 kwa mashua yake Lady Alice, alikutana na Kabaka Mutesa mwezi Aprili, si ikuluni bali katika kambi ya ufukweni ambayo katika kitabu chake anaiita Usavara. Mahali hapo ndipo Busabala. Tahajia hiyo ina somo lake. Stanley aliyasikia majina kwa vinywa vya Waswahili waliofuatana naye, nao waliyavika kiambishi chao cha nchi. Ndiyo maana Busabala ikawa Usavara, kama vile Buganda ilivyozaa jina Uganda. Mazungumzo kati yake na Mutesa yaliendeshwa kwa Kiswahili, na Stanley alipoondoka alimwacha Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari wa Zanzibar, amsomee na kumwandikia Kabaka. Wale wanaodhani kwamba Kiswahili kiliingia Uganda kwa bunduki za askari wa kikoloni wangefanya vizuri kuanzia Busabala.

Miaka iliyofuata iliipa kila rasi tukio lake. Padri Lourdel na Bruda Amans walitua Kigungu, kwenye ncha ya rasi ya Entebbe, mnamo Februari 17, 1879. Munyonyo, kambi ya ziwani ya Kabaka Mwanga, ndiko mateso ya wasomi Wakristo yalikoanzia mwezi Mei 1886. Mwanga alilipenda ziwa kuliko watangulizi wake, au pengine alilihitaji zaidi. Ziwa la Kabaka lililoko Mengo lilichimbwa kwa amri yake, nalo lilikusudiwa kuunganishwa na Nalubaale kwa mfereji ambao haukukamilika. Alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia kusini mwa ziwa kwa chombo cha maji. Mwaka 1889 alirudi, akajenga ngome katika kisiwa kidogo cha Bulingugwe, kinachoonekana kwa macho kutoka Munyonyo, na kutoka hapo akakirejea kiti chake. Kisiwa hichohicho kilipigwa mizinga na watu wa Kapteni Lugard mwezi Januari 1892, baada ya vita vya Mengo, na waliokuwa wamekimbilia humo wakatawanyika majini. Leo wageni wa hoteli za Munyonyo hukipiga picha jua linapotua.

Hiyo ndiyo hali ya mwambao mwanzoni mwa karne ya 20. Ulikuwa umejaa watu, makaburi, mashamba ya migomba, mialo na kumbukumbu za vita zilizokuwa bado mbichi.

Malale na amri ya kuhama

Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, ndugu Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wenye dalili walizokuwa wamezisoma tu katika taarifa za Afrika ya Magharibi. Baganda waliuita ugonjwa huo mongota. Kiswahili huuita malale. Ulienea kwa kasi kando ya ziwa, Busoga, Buvuma, Kyaggwe na Ssese. Jumuiya ya Kifalme ya London ilituma tume mwaka 1902, na mwaka uliofuata David Bruce, akifanya kazi Entebbe, aliuhusisha ugonjwa na mbung'o wanaoishi katika vichaka vya kandokando ya maji. Robert Koch alipiga kambi katika kisiwa cha Bugala mwaka 1906, akiwatibu wagonjwa kwa Atoxyl, dawa yenye arseniki iliyowapofusha baadhi yao. Makadirio yanayotumiwa na wanahistoria wa tiba yanasema zaidi ya watu 200,000 walikufa nchini Uganda katika miaka hiyo.

Hesketh Bell aliwasili kama Kamishna mwaka 1906, akawa Gavana mwaka uliofuata. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: kwa kuwa mbung'o hawawezi kuondolewa mwambaoni, basi waondolewe watu. Ukanda wa maili mbili kutoka ziwani ulitakiwa kuhamwa. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto, na kazi ya kuitekeleza amri iliwaangukia machifu wa Buganda chini ya Katikkiro Apolo Kagwa. Bara ilihamwa kwanza. Visiwa vilifuata, na kufikia 1909 watu wa Ssese walikuwa wamevushwa kwenda nchi kavu. Mahali pachache, kama Entebbe na bandari mpya iliyopewa jina la gavana mwenyewe, Port Bell, palifyekwa vichaka na kuachwa wazi kwa ajili ya meli.

Hapa panahitaji kutuliwa. Meli za mvuke zilikuwa zimeanza kuvuka ziwa, na reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwezi Desemba 1901. Kwa hiyo katika muda usiozidi miaka kumi mambo mawili yalitokea kwa pamoja: usafiri wa mbali ulihamia katika vyombo vya chuma vilivyohitaji bandari chache, na waundaji wa mitumbwi walitenganishwa na msitu wao na maji yao. Lolote kati ya hayo lingeweza kuudhoofisha utamaduni wa mtumbwi wa kushonwa. Yote mawili kwa pamoja yaliuvunja. Vitabu vingi vinavyoeleza kutoweka kwa mitumbwi hiyo huitaja meli tu, na huko ni kuipunguzia amri ya 1907 sehemu yake.

Je, uhamishaji uliokoa maisha? Vifo vilipungua baada yake, na ingekuwa si haki kumwandika Bell kana kwamba hakuwa na tatizo mbele yake. Lakini mlipuko ulikuwa umekwisha kupita kilele chake katika sehemu nyingi, na wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani cha nafuu hiyo kilitokana na amri. John Ford, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu ugonjwa huu na mazingira ya Afrika, alikwenda mbali zaidi: alionyesha kwamba nchi ikiondolewa watu, vichaka na wanyamapori hurudi, na pamoja navyo mbung'o, wakulima na wafugaji ndio waliokuwa wakimzuia. Kwa hoja hiyo, msitu tunaouona leo nyuma ya fukwe ni mtoto wa amri yenyewe.

Jambo ambalo taarifa za kitabibu haziligusi kabisa ni makaburi. Kwa Baganda, ardhi ya ukoo ni obutaka kwa sababu wafu wamezikwa humo, na haki ya ukoo juu ya mahali husomwa katika ekiggya, yaani makaburi ya familia. Aliyehamishwa maili mbili alitengwa na shahidi wake mkuu. Na hilo lilitokea katika wakati mbaya kuliko wote. Mkataba wa 1900 ulikuwa umeigawa ardhi ya Buganda kati ya Kabaka, machifu na Taji la Uingereza, na upimaji wa viwanja vya mailo ulikuwa bado unaendelea. Mwambao ulinyamazishwa wakati ramani ilikuwa ikichorwa.

Waliorudi

Serikali iliruhusu watu kurudi kidogokidogo, na visiwa vya Ssese vilianza kukaliwa tena karibu na mwaka 1920. Waliorudi hawakuwa wote waliotoka. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wameoa na kulima bara, na wengi waliofika baadaye walikuwa wavuvi kutoka sehemu nyingine za ziwa, waliofuata samaki bila kufuata makaburi. Mialo mingi ya leo ina lugha tatu au nne, na Kiswahili ni mojawapo. Mputa wa Luganda ni sangara, na mukene ni dagaa, kulingana na mnunuzi anatoka ng'ambo ipi. Mchanganyiko huo ni utajiri. Lakini umewapa watunga sera picha ya mwalo kama mahali pa wapita njia, watu wasio na asili.

Picha hiyo imejengeka katika sheria bila mtu yeyote kuikusudia. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mkaaji halali aliyeishi chini ya Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928, na mkaaji wa nia njema aliyekaa bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Tarehe zote mbili zina maana kwa mkulima wa Mukono au Masaka. Kwa familia iliyoondolewa Ssese mwaka 1909 kwa amri ya serikali, na ambayo ilirudi kwa awamu, 1928 ni tarehe iliyokuja baada ya msiba, na miaka 12 mfululizo ni kipimo kinachomwadhibu mtu kwa kutii. Nimesoma ripoti za migogoro ya fukwe zinazomwita mkaaji "mvamizi" bila kuuliza nani alipatangulia mahali hapo kabla ya 1907.

Upande wa mazingira nao una ugumu wake. Katiba, katika ibara ya 237, inaiweka mikononi mwa serikali dhamana ya maziwa na ardhi oevu kwa niaba ya wananchi, na kanuni za mwaka 2000 zinatenga mita 200 za hifadhi kutoka alama ya chini ya maji ya Ziwa Viktoria. Sina ugomvi na kusudio hilo. Ghuba za Lutembe na Mabamba, zilizoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2006, zinastahili ulinzi huo, na Kampala inakunywa maji ya Ggaba. Lakini alama hiyo haitulii. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwezi Mei 2020 lilifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964. Ziwa lisilopwa kila siku hujaa na kupwa kwa miongo, na kila linapofanya hivyo mpaka kati ya hifadhi na makazi husogea. Mwenye hati, ukuta na wakili husogea nao polepole. Mwenye kibanda cha kukaushia dagaa huondoka siku hiyohiyo, hasa tangu 2017, jeshi lilipopewa kazi ya kudhibiti uvuvi haramu.

Kuna pendekezo moja ambalo utafiti huu unaniruhusu kulitoa, na ni la kazi, si la kanuni. Kabla ya ufukwe wowote wa Entebbe, Wakiso au Kalangala kutangazwa kuwa wazi kwa hoteli, kwa shamba la michikichi kama yale ya Bugala, au hata kwa hifadhi, ifanywe orodha ya viggya, mituba na majina ya mialo ya zamani, kwa kuwashirikisha wakuu wa koo na wavuvi wa sasa kwa pamoja, nayo ilinganishwe na nyaraka za uhamishaji zilizobaki kutoka sekretarieti ya Entebbe. Majina yaandikwe kama wenyeji wanavyoyatamka, na Kiswahili kiwe lugha ya kuwaunganisha wahojiwa wasioelewana kwa Luganda. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi umekipa nafasi hiyo. Ni watafiti wachache mno ambao wamekipeleka mwaloni.

Yule mzee wa mituba alituonyesha, kabla hatujapanda mashua kurudi, mawe matatu chini ya mti wa pili. Hakujua ni ya nani. Aliyaondolea majani yaliyoyafunika, akanawa mikono ziwani, akasema anayafagia kila anapopita, kwa kuwa mwenyewe hayupo.